Mani planti kwenye nguzo ya makumbi

Mani planti inayoning'inia kutoka juu ya kabati haitatoa majani makubwa hata ukiinywesha mbolea mwaka mzima. Itarefuka tu. Pingili zitazidi kuachana, kila jani litakuwa dogo kuliko lililotangulia, na mwisho utabaki na kamba ya kijani yenye vijani vya kuhesabika. Tawi hilohilo likipandishwa kwenye shina la mnazi nje ya nyumba na kupitiwa na masika mbili tatu, hulitambui tena: shina limenenepa kuliko kidole gumba, jani moja limepita urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na mengine yameanza kuchanika pembeni. Pwani mimea ya namna hii ipo mingi kwenye bustani za hoteli na nyumba za zamani, na anayepita chini yake mara nyingi hajui kuwa ni ileile aliyoiweka kwenye chupa ya maji dirishani kwake.

Jina lake la kitaalamu ni Epipremnum aureum, na kwao ni kisiwa cha Mo'orea katika Polinesia ya Kifaransa, ambako hupanda miti. Mbegu usizitafute. Mmea huu una hitilafu ya kurithi katika kutengeneza homoni ya jiberelini, kwa hiyo kwa kawaida hautoi maua. Mani planti zilizoko majumbani ni vipandikizi vya vipandikizi. Kwa hiyo jirani mwenye majani makubwa ya rangi ileile kama yako hana mbegu bora kuliko yako. Amekuzidi kwenye kitu ambacho shina lake limekishika.

Shika tawi ulitazame kwa karibu. Kwenye kila fundo, pale jani linapotokea, upande mmoja kuna kinundu cha kahawia, kigumu, chenye urefu wa milimita chache. Huo ni mzizi wa hewani. Mzizi huo ukigusa kitu kikavu hubaki vilevile kwa miezi, kisha hukauka na kuwa mweusi. Ukigusa kitu chenye unyevu hutoa ncha nyeupe ndani ya wiki moja au mbili, hupenya, hugawanyika na kuanza kunywa. Tangu hapo jani la juu yake halitegemei tena maji yaliyosafiri kutoka chini peke yake. Lina mzizi wake jirani. Mafundo matano sita yakishaingia namna hiyo, jani jipya huanza kuzidi lililopita. Kwa hiyo nguzo ya mani planti si fimbo ya kuegemea. Ni chungu cha pili kilichosimama wima, nacho kijazwe, kimwagiliwe na kulishwa kama chungu kingine chochote. Karibu kila kinachoharibika kwenye kazi hii kinatokana na kulisahau hilo.

Ndiyo maana sizishauri zile nguzo nyembamba zinazouzwa na wauza maua, bomba la plastiki lililozungushiwa kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi). Zinapendeza, na kwa kushikilia mmea usianguke zinatosha. Lakini usumba wenyewe una unene wa sentimita moja tu juu ya plastiki isiyonyonya chochote. Ukiinyunyizia asubuhi, kufikia mchana imekauka. Mizizi hutambaa juu ya kamba bila kuingia popote, na majani hubaki saizi ileile. Ukishakuwa nayo si lazima uitupe. Itumie kama uti wa katikati wa nguzo nene.

Huko Ulaya na Marekani wengi hujaza nguzo kwa sfagnamu, mmea laini wa kinamasi unaonyonya maji kama sifongo, ambayo kwetu ni ya kuagiza na bei yake haina huruma. Hatuna haja nayo. Makumbi ya nazi yanafanya kazi hiyohiyo, na ukanda wote wa pwani yanatupwa au kuchomwa. Yanatoa vitu viwili tofauti na vyote vinahitajika: usumba, yaani nyuzi zenyewe, na ule unga wa kahawia unaodondoka nyuzi zinapochambuliwa, ambao wenye vitalu huuita kokopiti. Usumba peke yake unapitisha maji upesi na kukauka. Unga peke yake unashika maji vizuri lakini unamwagika kwenye matundu ya wavu na ukishindiliwa unakosa hewa. Mimi huchanganya usumba sehemu 2 kwa unga sehemu 1, kwa ujazo, si kwa uzito. Walio bara hupata kokopiti kwenye maduka ya pembejeo ikiwa imegandamizwa kama tofali. La kilo 5 likiloweshwa hutoa zaidi ya lita 50, kwa hiyo kwa nguzo moja nunua tofali dogo.

Kabla ya kujaza, osha. Hapa ndipo makumbi ya pwani yanawaponza watu. Zanzibar na sehemu nyingine za mwambao, makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa ufukweni kwa miezi kadhaa ili yalainike kabla ya kupondwa. Usumba wa aina hiyo umeshiba chumvi ya bahari. Hata yale ambayo hayajagusa bahari yana chumvichumvi zake za asili, sodiamu na potasiamu, na rangi nyeusi kama chai ya rangi. Loweka kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha, kamua, mwaga, rudia. Mara tatu au nne kwa kawaida zinatosha: maji ya mwisho yawe ya njano hafifu, na ukigusisha ulimi yasiwe na ladha ya chumvi. Ukiruka hatua hii, ncha za mizizi zinazochomoza zitageuka kahawia kabla ya kuingia, nawe utadhani tatizo ni maji machache, uongeze kumwagilia bila faida.

Nguzo yenyewe hujengwa kwa wavu wa kuku wenye matundu ya nusu inchi. Matundu ya inchi moja yanapitisha usumba. Kata kipande cha upana wa sentimita 30 na urefu wa 90, vaa glavu kwa sababu ncha za waya zinachana, kisha kiviringishe kingo zipandane kwa sentimita 2. Unapata bomba lenye kipenyo cha karibu sentimita 9. Funga kingo kwa waya mwembamba wa kufungia nondo kila baada ya sentimita 10, na kunja ncha zote kuelekea ndani. Bomba la sentimita 7 linakubalika kama sebule ni ndogo; chini ya hapo linakauka upesi mno. Kwa nyumba zenye upepo mwingi au kiyoyozi upo mtindo mwingine, ambao mimi naupenda zaidi: badala ya duara, kunja wavu uwe nusu duara, kisha mgongo wake ufunike kwa nailoni ngumu ya kufunikia vitabu. Maji yatatoka upande mmoja tu, ule wenye mmea, na nguzo itakaa na unyevu kwa muda mrefu zaidi. Hasara yake ni kwamba mmea utaupanda upande wa mbele pekee, lakini ukutani hilo si hasara.

Jaza kwa matabaka ya sentimita 15, usumba na unga vikiwa vimelowa tayari, ukikandamiza kwa mkono na si kwa kushindilia na mti. Kipimo ni kidole: kikichomekwa kwenye tabaka kutoka juu kiweze kupenya hadi kiungo cha pili kwa kusukuma kidogo. Kisipopenya, hewa hakuna humo. Kikiingia kama kwenye pamba, mchanganyiko utashuka ndani ya miezi michache na juu kubaki tupu. Sentimita 20 za chini, zitakazozama kwenye udongo, zijaze mchanganyiko wa chunguni ili maji yapite moja kwa moja bila kutuama pale viwili vinapokutana.

Sasa uzito. Nguzo hiyo hubeba kama lita 4 za makumbi, na yakilowa ni mzigo ulioko juu, si chini. Chungu cha plastiki cha kipenyo cha sentimita 15 kitapinduka siku paka akiruka. Tumia cha sentimita 25 hadi 30, na kama ni cha plastiki kitumbukize ndani ya chungu cha udongo kilicho kizito. Pitisha vijiti viwili vya urefu wa sentimita 20 kwenye matundu ya wavu karibu na kitako, vikatane kama msalaba, ndipo ufukie. Vijiti hivyo vikishashikwa na udongo ndivyo vinavyozuia nguzo kuyumba. Katikati ya nguzo pitisha bomba la maji la plastiki la robo tatu inchi hadi kugusa sakafu ya chungu. Wengine hutumia mianzi. Mianzi inaoza pale udongo unapokutana na hewa, na inaoza wakati mmea umeshafika juu. Kokoto za chini ya chungu ni desturi ya zamani isiyo na kazi: hazisaidii maji kutoka, zinapunguza tu nafasi ya mizizi.

Udongo wa chunguni uwe mwepesi kuliko unaotumia kwa maua mengine, kwa sababu chungu hiki kitapokea maji yote yanayoshuka kutoka kwenye nguzo hata wakati hakina kiu. Kokopiti iliyooshwa sehemu 2, mchanga mnene wa mto sehemu 1, mkaa uliopondwa vipande vya ukubwa wa maharage sehemu 1, na mboji au samadi iliyooza kabisa nusu sehemu. Mchanga wa baharini hapana. Majivu hapana, yanapandisha ukali wa magadi kwenye udongo. Tunataka vipande vya mkaa. Kenya, ambako mawe mepesi ya volkeno ya Bonde la Ufa yanapatikana, yatumie badala ya mchanga. Udongo mwekundu wa Nairobi au mfinyanzi mweusi, hata ukichanganywa, baada ya miezi michache ya maji yanayoshuka kutoka juu unakuwa matope.

Tawi la kupandisha lichague vizuri. Kosa la kawaida ni kuchukua ule mmea uliokwisha kuning'inia mita mbili na kuuzungusha kwenye nguzo mpya kama nyoka. Unafunika nguzo siku hiyohiyo na picha inapendeza, lakini shina jembamba la zamani haligeuki kuwa nene, pingili ndefu hazifupiki, na nusu ya mafundo yanaangalia nje, hayagusi kitu. Kata. Chukua ncha zenye mafundo 3 na vinundu vinavyoonekana, kisu kipite sentimita 1 au 2 chini ya fundo. Unaweza kuziweka kwenye maji kwanza. Mizizi ikifika sentimita 3 hadi 5, kwa kawaida ndani ya wiki 2 hadi 4, ihamishie kwenye udongo. Usiiache kwenye maji hadi ijae chupa, maana mizizi iliyozoea maji hufa mingi inapoingia udongoni na mmea husimama wiki kadhaa. Kwenye joto la pwani mimi sioni haja ya maji hata kidogo: panda ncha moja kwa moja, fundo la chini likiwa udongoni na mengine mawili yakigusa nguzo.

Tatu kwa nguzo moja zinatosha. Watu huweka nane ili ijae haraka, na inajaa haraka kweli, kisha zinagombania mwanga na hakuna inayopata jani kubwa.

Kufunga kuna adabu yake. Tafuta upande wenye vinundu, huo ndio mgongo wa shina, uelekee kwenye nguzo. Shina lipande wima, bila kuzunguka. Fungia kwenye shina, karibu na fundo, kwa kitambaa laini kilichochanwa au kwa pini za nywele zilizokunjwa na kuchomekwa kwenye usumba. Kamba ya katani inakata shina changa; waya ni mbaya zaidi. Kikonyo cha jani usikifunge kamwe. Ukitazama pale kikonyo kinapokutana na jani utaona kiungo kilichovimba kidogo chenye rangi iliyokolea. Hicho ndicho kinachogeuza jani kulifuata jua, na ukikizuia jani hubaki limeinama, kisha hugeuka njano kabla ya wakati wake. Baada ya wiki 6 hadi 8 vuta shina kwa upole. Likigoma, mizizi imeshika, toa kitambaa. Weusi wa mviringo kwenye shina ni dalili ya kifungo kilichokaa mno.

Kumwagilia ndiko kunakoamua. Maji hupitia juu ya nguzo, polepole. Ukimwaga lita moja kwa mpigo, maji hupata njia moja pembeni, hushuka yote na kuacha katikati pakavu. Gawa mara tatu, kwa kupumzika dakika tano kati ya moja na nyingine. Asiye na subira achukue chupa ya maji ya nusu lita, atoboe kizibo kwa sindano ya moto, akate kitako, kisha aichomeke kichwa chini juu ya nguzo, itadondosha yenyewe. Kipimo si siku za wiki, ni kidole katikati ya urefu wa nguzo: pakiwa na ubaridi na unyevu, acha, pakianza kukauka, mwagilia. Dar es Salaam wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kwenye baraza yenye upepo inaweza kuwa kila baada ya siku mbili. Masika inaweza kuwa mara moja kwa wiki. Nairobi mwezi Julai, joto likishuka usiku karibu na nyuzi 10, mmea husimama na maji yanayobaki chunguni huozesha mizizi. Hapo punguza hadi nguzo iwe na unyevu kidogo tu. Chungu chenyewe kiongezee maji pale tu sentimita 3 za juu zimekauka, jambo ambalo si la mara kwa mara.

Maji ya visima vya chumvi, ambayo sehemu nyingi za Dar es Salaam ndiyo yaliyopo, yana tabia moja kwenye nguzo: yanapokauka huacha utando mweupe juu ya usumba, mwingi zaidi kwenye sehemu ya juu. Ukiuona, peleka mmea bafuni au nje na uipitishie nguzo lita 5 za maji ya mvua, polepole, yatoke yote chini. Anayeweza kukinga maji ya mvua ya vuli na masika asiyamwagie maua ya nje ambayo hayajali.

Na sahani ya chini ya chungu imwagwe. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi, ule wa 2014 na ule wa 2019, na mbu anayeieneza hutaga kwenye maji machache yaliyotulia ndani ya nyumba, pamoja na chupa za vipandikizi. Yai hadi mbu kamili huchukua kama wiki moja hadi siku 10 kwenye joto letu. Badilisha maji ya chupa kila siku 3 na uisugue kwa ndani.

Kuhusu mwanga, maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa na watu wa kaskazini mwa dunia, wanaosema dirisha la kusini ndilo lenye jua. Kwetu si hivyo. Dar es Salaam jua la mchana liko upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mapema Oktoba, kisha huhamia kusini. Nairobi, iliyo karibu kabisa na ikweta, ni karibu nusu mwaka kwa nusu mwaka. Dirisha lililokuwa salama Juni linaweza kuunguza majani Desemba. La mashariki halina mabadiliko makubwa, na jua la asubuhi hadi saa 3 halidhuru. Weka mmea mita moja hadi moja na nusu kutoka hapo. Jua la alasiri lizuie kwa pazia jeupe. Jaribio rahisi: mchana, weka karatasi nyeupe pale mmea ulipo na nyoosha kiganja sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye umbo la vidole lakini kingo laini ndicho unachotaka. Kisipoonekana kabisa, mmea utaishi ila majani hayatakua, na zile zenye mabaka meupe zitaanza kutoa majani ya kijani kitupu. Hizo nyeupe, kwa kweli, ni polepole siku zote kwa kuwa sehemu nyeupe haitengenezi chakula.

Ushauri wa kugeuza chungu kila wiki haufai hapa. Mmea wa nguzo una mbele na nyuma. Weka nguzo nyuma ya mmea na dirisha mbele yake, kisha uache. Ukigeuza, majani yote huanza kujipinda upya na ncha huacha nguzo kufuata mwanga.

Mbolea ya kuyeyuka ya NPK 20-20-20, gramu 1 kwa lita moja ya maji, mara moja kwa mwezi, kupitia nguzo baada ya kuilowesha kwa maji matupu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 5, kwa hiyo ni kijiko kimoja kwa ndoo ya lita 5. Viwango vilivyoandikwa kwa ajili ya shamba vinaunguza mizizi iliyoko kwenye makumbi, kwa sababu humo hakuna udongo wa kuipokea ile ziada.

Dalili zingine. Jani moja la chini kuwa njano kila baada ya muda ni uzee. Matatu kwa pamoja, yakiwa laini, ni mizizi kuoza: toa mmea, kata kilicho cheusi na chenye harufu, badilisha udongo. Ncha za kahawia kavu ni chumvi au nguzo kavu. Ukungu mweupe kwenye makumbi mapya na kijani cha mwani pembeni havidhuru, wala matone yanayoning'inia kwenye ncha za majani alfajiri, ila yataacha alama kwenye mbao. Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye nguzo, chunguza makwapa ya majani: mara nyingi wanachunga vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba. Wafute kwa pamba yenye spiriti, kisha nyunyiza mafuta ya mwarobaini, mililita 5 kwa lita moja ya maji na matone machache ya sabuni ya vyombo, jioni, kila wiki kwa wiki tatu. Utitiri huja kwenye vyumba vya kiyoyozi, na kuyafuta majani kwa kitambaa chenye maji pande zote mbili kunatosha kama umewahi.

Wauzaji hupenda kusema mmea huu unasafisha hewa ya nyumba. Maneno hayo yanatoka kwenye utafiti wa NASA wa 1989 uliofanyika ndani ya masanduku yaliyofungwa. Sebule ina madirisha. Nunua kwa ajili ya majani.

Mmea ukifika kileleni lazima uamue, maana ukiuacha uning'inie majani yatarudi kuwa madogo kuanzia hapo. Unaweza kuongeza bomba jingine la wavu la sentimita 40 juu ya lile la kwanza, ukaliunganisha kwa waya na kulijaza. Linakubalika mara moja, ya pili inakuwa mnara usiomwagika maji sawasawa. Njia ninayoiona bora ni kukata. Hesabu mafundo 4 au 5 kutoka ncha, kata shina chini yake, kisha pitisha kisu kando ya wavu kukata mizizi iliyoingia. Bakiza vipande virefu vya mizizi kadiri inavyowezekana. Ncha hiyo, ambayo tayari ina shina nene, iende kwenye nguzo mpya iliyolowa, na itaendelea na majani ya ukubwa uleule au upungufu mdogo. Haianzi upya kama kipandikizi chembamba. Kisiki kilichobaki usikitupe. Endelea kukimwagilia kidogo kuliko kawaida kwa kuwa majani yamepungua, na jicho moja au mawili chini ya mkato yatachipua, kwa kawaida ndani ya wiki 3 hadi 6. Fanya kazi hii mwanzo wa msimu wa joto, si Juni.

Vaa glavu unapokata, au osha mikono kabla ya kugusa macho. Utomvu una fuwele za kalsiamu oksalati zinazochoma ngozi laini, na mtoto au paka akitafuna jani mdomo huwasha na kuvimba. Mabaki yaanike juani hadi yakauke kabisa kabla ya kuyatupa. Fundo moja bichi likianguka penye kivuli na unyevu huota, na Hawaii, Florida na Sri Lanka mmea huu umeshatoka bustanini ukaingia msituni na kuifunika mimea ya asili. Jalala la nyuma ya nyumba lililo karibu na mto au kichaka si mahali pake.